Mkutano, WhatsApp, dakika kumi au hodi nyumbani: shule ya Moshi ianze na ipi?

Januari kamati ya shule ikikaa kupanga mwaka, hoja ya wazazi haikosi. Mwalimu mkuu atasema wazazi hawatoi ushirikiano. Mjumbe mmoja atajibu kwamba shule nayo inawakumbuka wazazi pale tu inapotaka hela. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na katibu ataandika kwenye muhtasari: "Shule iboreshe mahusiano na wazazi." Namna ya kuboresha huwa haiandikwi.

Nimefundisha shule za msingi za upande huu wa Kilimanjaro, mjini na mlimani, na ninaitwa shuleni kama mzazi pia. Kwa hiyo nazilinganisha hapa njia nne zilizo mikononi mwa shule ya kawaida: mkutano mkuu wa wazazi, kundi la WhatsApp, mazungumzo mafupi ya mzazi mmoja na mwalimu wa darasa, na mwalimu kwenda nyumbani kwa mwanafunzi. Sizungumzii shule zenye ofisi ya mapokezi na katibu muhtasi. Hizo zina fedha za kujaribu zote kwa pamoja. Nazungumzia shule yenye madarasa yaliyojaa, walimu wachache na kamati inayohesabu hata nauli.

Kipimo changu ni kimoja. Baada ya njia hiyo kutumika, mwalimu anajua nini kuhusu mtoto ambacho jana hakukijua? Kumfikishia mzazi taarifa si kazi, hata karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa kaptula inafika, ikichelewa sana itafika siku ya kufua. Kazi ni kinachorudi shuleni.

Mzazi yuko wapi saa tatu asubuhi?

Kabla ya kuchagua njia, angalia wazazi wako wanakula wapi. Lawama nyingi za "wazazi wa siku hizi" zingeisha kama kalenda ya shule ingeandikwa huku mtu ameshika kalenda ya riziki zao.

Chukua mpagazi au muongoza watalii. Akipata safari ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, hayupo nyumbani siku sita au saba. Ya Marangu ni tano au sita. Msimu mkubwa unaanza Juni hadi Oktoba, kisha unarudi Desemba hadi Februari. Ukiitisha mkutano Julai shule inapofunguliwa, umemwita baba aliyeko Barafu Camp na ndoo ya maji begani. Wenzake wanaoendesha magari ya watalii wako Serengeti. Lakini Aprili na Mei, masika yanapopiga na wageni wanapungua, hao hao wako mtaani wanatafuta cha kufanya. Nashangaa shule nyingi haziitumii nafasi hiyo, ilhali Moshi na Arusha ni miji ambayo kila mtu anajua msimu umeanza au umeisha kwa kuangalia tu barabara.

Mama mwenye genge Mbuyuni au meza ya mitumba Kiboriloni yupo mjini mwaka mzima, ila asubuhi ndiyo mauzo yake. Muuguzi wa hospitali ya KCMC anaingia kwa zamu. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari kule TPC naye ana zamu, na msimu wa kuvuna miwa ukishika kasi haombeki ruhusa. Ukipanda Kibosho, Uru au Old Moshi, utakuta mzazi wa mtoto hayupo kabisa: yuko Dar es Salaam, anarudi Krismasi, na mlezi ni bibi anayekaa na wajukuu watatu, ng'ombe mmoja wa ndani na migomba.

Halafu kuna suala la ada, ambalo limebadilisha hali ya hewa kati ya shule na nyumbani. Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada hadi kidato cha nne. Wazazi wengi walilielewa tangazo lile kwamba mambo yote sasa ni ya serikali. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 haukusema hivyo: ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, chakula cha mtoto wa kutwa na matibabu. Shule zilitakiwa kuueleza waraka huo kwa upole na zikaueleza kwa ukali, au hazikuueleza kabisa. Tokeo lake ni kwamba hadi leo mzazi akiona jina la shule kwenye simu anawaza mambo mawili: mchango, au mtoto amefanya kosa.

Mkutano mkuu

Huu ndio unaofahamika. Barua inapelekwa na watoto, inasema saa tatu kamili. Saa nne wamefika akina mama waliotoka mbali, saa nne na nusu mwalimu mkuu anaamua kuanza. Anafungua mwenyekiti wa kamati, mgeni ni mtendaji wa kata au diwani, inasomwa taarifa ya mapato na matumizi, inakuja hoja ya uji, hoja ya mlinzi, hoja ya mwalimu wa kujitolea. Maneno yanashikwa na wanaume watatu waliokaa nyuma. Akina mama, ambao ndio wengi na ndio wanaomjua mtoto amelala saa ngapi, wanasikiliza na kuangalia saa.

Nisiuseme vibaya kupita kiasi, kwa sababu una kazi ambayo njia nyingine haiwezi kuifanya. Uamuzi unaowahusu wote lazima utolewe mbele ya wote. Kama mnakubaliana kila kaya ilete debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage ili watoto wale mchana, haiwezekani mkubaliane mmoja mmoja ofisini. Vivyo hivyo hesabu za shule. Ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake haipiti hata shuleni, inanunua vitabu. Mzazi akiisikia hesabu hiyo ikisomwa wazi, ikabandikwa na kwenye mbao ya matangazo, anaacha kuamini kwamba mwalimu mkuu anajengea nyumba.

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani aliugawa ushiriki wa familia katika mafungu sita: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kufanya maamuzi, na ushirikiano na jamii. Upime mkutano wenu kwa mafungu hayo. Wetu unagusa maamuzi, unagusa kujitolea kwa maana ya kuchanga, basi. Kujifunza nyumbani hakutajwi, au kunatajwa dakika ya mwisho mwalimu wa taaluma anaposimama na kusema "wazazi msimamie watoto wasome," na watu tayari wanakusanya mikoba.

Kwa kipimo changu, mkutano unarudisha kidogo sana. Na unaweza kuharibu. Mwalimu akisoma hadharani majina ya watoto walioshika mkia, mama wa mtoto huyo hatakuja tena. Atasema ana msiba.

Ninachopendekeza kwa shule zinazoutegemea ni kuugawa. Anzeni na fedha na maamuzi, mmalize ndani ya saa moja, kisha kila mzazi aende kwenye darasa la mwanawe, akae kwenye dawati la mwanawe, mwalimu wa darasa amwonyeshe daftari. Kundi la watu arobaini linaongea kuliko la watu mia nne. Mama aliyenyamaza kwenye bwalo atauliza swali darasani, tena atauliza la maana.

Kundi la WhatsApp

Hapa ndipo shule nyingi zimehamia, hasa za mjini. Sababu ziko wazi: halina gharama kwa shule, linamfikia baba aliyeko Serengeti mara akipata mtandao, linamfikia mama wa Dar ambaye vinginevyo angeiona ripoti Desemba. Kwa mzazi aliye mbali hakuna njia inayolishinda, na hilo nalikubali bila kinyongo.

Ila lisome siku moja kwa makini. Mwalimu anaandika: "Ndugu wazazi, kesho watoto waje na fagio na lita moja ya maji kwa ajili ya usafi." Zinafuata "Sawa mwl", "Sawa mwalimu", "Pamoja sana", mikono iliyounganishwa, mmoja anauliza fagio la chelewa au la ndani, mwingine anasema samahani mwalimu Junior ana mafua kesho hatakuja, mwingine ametuma picha ya maua yenye mstari wa Zaburi, na baba wa Brian anatangaza kiwanja kinauzwa Njia Panda. Saa nne usiku inaingia sauti ya dakika tatu: mama anataka kujua kwa nini mwanawe kapigwa na mwenzake. Kesho yake watoto sita wamekuja bila fagio, na mzazi wa mmoja wao ndiye aliyeandika "Pamoja sana".

Kinachorudi ni "sawa". Mwalimu anajua ujumbe umesomwa, hajui zaidi ya hapo.

Kuna na wasiokuwemo. Bibi wa Uru ana simu ya kitochi, na kundi halimjui. Ukitangaza jambo WhatsApp peke yake, umeamua kimyakimya kwamba wajukuu wake hawahusiki. Walau kwa hao mwalimu atume meseji ya kawaida, au kiongozi wa wazazi wa darasa apige simu.

Na kuna jambo zito kuliko maua ya asubuhi. Picha ya karatasi ya matokeo yenye majina na alama za darasa zima hurushwa kwenye makundi haya kana kwamba ni tangazo la fagio. Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, na alama za mtoto mwenye jina lake ni taarifa binafsi. Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule kumi bora za kidato cha nne. Kama Baraza limeona haina tija kuwapanga watoto hadharani, sioni kwa nini mwalimu wa darasa la tatu B aendelee.

Nikiulizwa, kundi liwe la matangazo tu: wanaoweza kuandika wawe mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa darasa. Mwenye jambo la mtoto wake aandike kwa mwalimu faragha, mwisho saa kumi na mbili jioni. Wapo wazazi watakaolalamika kwamba wamefungwa midomo. Wape muda na sehemu nyingine ya kusemea, ndiyo hiyo inayofuata.

Dakika kumi na mwalimu wa darasa

Shule za binafsi na za bweni zinayo tayari, inaitwa siku ya wazazi au siku ya kutembelea, ijapokuwa mara nyingi inaishia kwenye kuku wa kukaanga na soda chini ya mti. Ninayoisema mimi ni ndogo zaidi. Muhula unapofungwa, ripoti haitumwi kwa mtoto. Mzazi au mlezi anakuja kuichukua mwenyewe mkononi mwa mwalimu wa darasa, na wanaongea dakika kumi.

Pingamizi la kwanza nalijua: darasa lina watoto sabini. Sabini mara kumi ni dakika mia saba, yaani karibu saa kumi na mbili, na mwalimu ni mmoja. Hesabu hiyo ni sahihi na ndiyo maana wengi huishia hapo. Lakini darasa halina mwalimu mmoja, lina walimu wa masomo. Wakikaa watatu kwenye meza tatu, kila mmoja akiwa na orodha yake na madaftari ya watoto wake, wanapita wazazi kumi na wanane kwa saa. Sabini wanaisha kwa saa nne. Wagawe kwa herufi za majina ili wasijazane: A hadi H waje saa mbili, wanaofuata saa tatu, hivyo hivyo. Waliokosa kwa sababu ya kazi, wawekewe Jumamosi asubuhi. Madarasa yote yasifanye siku moja, maana mwenye watoto watatu atakimbizana.

Kitu kinachoamua kama dakika hizo zitazaa au zitapotea ni nani anayeanza kuongea. Mwalimu akianza, anaanza na mashtaka. Hesabu kapata kumi na nane, haandiki kazi, anaongea sana, na mama anainamisha kichwa na kusema "nitamshughulikia," na mtoto jioni anakula fimbo ambazo mwalimu ndiye aliyezituma. Mwalimu aanze kwa kuuliza. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu Baraka kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu bibi. Nataka tu tumwongelee. Akitoka huku anafanya nini nyumbani?"

"Anakata majani ya ng'ombe. Anashuka huko chini, akirudi na mzigo giza limeshaingia. Mimi mgongo huu hauendi tena."

"Na asubuhi?"

"Anaamka saa kumi na moja, anachota maji kwanza."

Hapo mwalimu amepata alichokuwa hana. Mtoto anayesinzia kipindi cha pili si mvivu, ni mchungaji wa ng'ombe asiyetoka zizini. Sasa kuna la kukubaliana: kazi ya nyumbani ya Baraka ifanyike shuleni saa ya mapumziko, na jioni amsomee bibi ukurasa mmoja wakati bibi anakamua. Bibi hahitaji kujua kusoma ili asikilize. Hii ndiyo "kujifunza nyumbani" ya Epstein katika umbo linalowezekana Uru, bila kompyuta na bila twisheni.

Mwalimu aandike sentensi moja kwenye daftari la darasa baada ya kila mzazi. Wenye simu wajirekodi sauti yao wenyewe kama wanaona kuandika kunachelewesha, lakini mzazi akishaondoka. Na ripoti yenyewe ielezwe kwa maneno ya kawaida, kwa sababu tangu mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 wazazi wengi wanaona majina ya masomo wasiyoyajua, na wanaona aibu kuuliza.

Udhaifu wake? Wanaokuja ni wale wale ambao watoto wao hawana shida kubwa. Akina baba hawaonekani, wanadhani ripoti ni kazi ya mama kama kubandika chai. Kwa hilo nimeona kitu kimoja kinasaidia: barua iandikwe kwa jina, "Baba Kelvin," siyo "Mzazi/Mlezi." Mwanaume aliyetajwa jina hupata tabu kumtuma mke. Na kuna walimu ambao hawajui kuongea na mtu mzima bila kumfokea. Hao wakae meza moja na mwenye ulimi mtulivu, wasiachwe peke yao.

Kubisha hodi

Sacramento, California, mwaka 1998, wazazi na walimu walianzisha utaratibu wa walimu kuwatembelea wanafunzi majumbani, ukaenea majimbo mengine ya Marekani. Masharti yake yanafaa kuyajua hata kama hatuna uwezo wao. Ziara ni ya hiari kwa mwalimu na kwa familia. Walimu wanakwenda wawili wawili. Wanalipwa kwa muda wao. Hawaendi kwa watoto watukutu tu, wanakwenda kwa mchanganyiko. Na mazungumzo ya kwanza si ya alama, ni ya matumaini ya familia kwa mtoto wao.

Sharti la nne ndilo linalotugusa zaidi. Huku kwetu mwalimu akionekana kijijini ameongozana na mtendaji na mgambo, kila mtu anajua ni utoro. Jirani wanachungulia, mtoto anapita nyuma ya migomba. Kwa hiyo shule ikianza ziara kwa kwenda kwa watoro, imeshaharibu ziara zote zitakazofuata. Ianze kwa mtoto wa kawaida, ikiwezekana kwa anayefanya vizuri, ili habari itakayosambaa kisimani iwe kwamba walimu walikuja, wakanywa chai, wakamsifia mtoto, wakaondoka.

Kwa upande wa kinachorudi, hakuna inayoifikia. Dakika kumi za mazungumzo zinakuambia alichoamua mlezi kukuambia. Nyumba inakuambia mengine: kama kuna taa, kama kuna mahali pa kuweka daftari, nani anaongoza humo ndani, kama mtoto wa darasa la sita ndiye anayelea wadogo zake. Tena mzazi akiwa kwake anaongea kama mwenye nyumba, hana woga wa ofisi.

Gharama ndiyo kikwazo. Bodaboda ya kupanda Kibosho wakati wa masika si bei ya mchana wa kiangazi, na kuna vijia ambavyo pikipiki haifiki, unavua viatu. Mwalimu wa kike asiende peke yake, hilo halina mjadala. Mwalimu mgeni aliyetoka Mwanza au Mbeya anahitaji mtu wa kumsaidia Kichagga anapokutana na bibi mwenye miaka themanini, na mtu huyo asiwe mtoto mwenyewe, maana atatafsiri anachopenda. Muda unaliwa pia. Hakuna nyumba ya mlimani itakayokuacha uondoke bila kula, na ukikataa mtori umeitukana familia. (Mbege ikataeni. Sema umetumia dawa.) Kwa mchana mmoja walimu wawili wanamaliza nyumba tatu, nne wakijitahidi. Kwa darasa la sabini, hesabu haikubali.

Hivyo ziara haifai kuwa ya wote. Inafaa kwa darasa la awali na la kwanza, ambako uhusiano ndiyo unaanza, kwa kidato cha kwanza katika sekondari, na kwa wachache ambao njia nyingine zimeshindwa kuwafikia. Nauli ipitishwe na kamati waziwazi, iandikwe. Mwalimu akitoa mfukoni mwake mwezi wa kwanza, wa pili hatakwenda, na hatakuwa na kosa.

Na daftari la mawasiliano?

Linafaa chekechea hadi darasa la pili, mwalimu anaandika mstari, mama anasaini. Kuanzia darasa la tano mtoto anasaini mwenyewe, na wengine saini ya baba wanaijua kuliko baba. Sitalipigia debe.

Kwa shule gani, njia gani

Msingi wa mjini, Majengo, Pasua, Njoro na kwingineko, wazazi wake wako karibu lakini hawana asubuhi. Hawa wapeni dakika kumi, ila ziwe jioni kuanzia saa tisa, au Jumamosi. WhatsApp ya matangazo wanayo, iachwe. Mkutano mkuu mmoja kwa mwaka unawatosha.

Shule ya mlimani yenye walezi wengi wazee, nguvu ipelekwe kwenye ziara chache na kwenye mkutano uliogawanywa kwa madarasa, uitishwe baada ya ibada au siku isiyo ya soko. Tangazo litolewe kanisani au msikitini na kwa balozi, litafika kabla ya barua. Na Desemba msiiache ipite: wiki ile ya Krismasi wazazi wa Dar na Arusha wako vihambani, kwenye mashamba ya kwao. Shule imefungwa, najua, na walimu nao wana kwao. Lakini mwalimu mkuu anayeishi hapo hapo akikaa ofisini siku moja tarehe 27 na ripoti mezani, ataonana na akina baba ambao mwaka mzima ni sauti tu kwenye simu.

Wazazi wa kazi za utalii, wawe wa Moshi au wa kule Sakina na Ngaramtoni upande wa Arusha, wapangieni Aprili na Mei. Likizo fupi ya katikati ya muhula inaangukia karibu na hapo, kwa hiyo ripoti ya nusu muhula ndiyo iwe ya kuitia, badala ya kungoja ya Juni.

Bweni ni habari nyingine. Huko mzazi anakuja mara chache na anataka kumwona mtoto, si mwalimu. Msimnyang'anye muda wake na mwanawe kwa hotuba ya saa mbili. Mwalimu wa darasa na matron wazunguke kwenye mikeka, wasalimie familia moja moja, waulize palepale.

Kama kamati ina nguvu ya kuanzisha jambo moja tu mwaka huu, nitasema dakika kumi, bila kusita. WhatsApp inafika mbali lakini hairudi na kitu. Ziara inarudi na kila kitu lakini inawafikia wachache. Mkutano ni wa shule, si wa mtoto. Dakika kumi zinagharimu karatasi ya orodha na jioni mbili, mwalimu hahitaji semina, na mzazi anaondoka akijua jina la mwalimu, jambo ambalo wengi hawalijui hadi mtoto anamaliza la saba.

Siku hiyo ikiisha, msifunge daftari mara moja. Majina ya ambao hawakuja yaandikwe upande, wapigiwe simu ndani ya wiki, wapewe siku nyingine. Watakaobaki baada ya hapo hawatakuwa wengi, na hao ndio wa kuwaendea nyumbani, walimu wawili, nauli ya kamati, bila mtendaji.